Jumlisha Kwanza, Ndipo Utoe

Mimi mtu wa Singida. Serikali ilinileta Mbaha, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kufundisha hisabati darasa la saba, nami nikaja na hasira zangu na neno moja: MAGAZIJUTO. Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Nililifundisha kama nilivyofundishwa, kwa kuimba, silabi kwa silabi. Jumlisha kwanza, ndipo utoe.

Siku moja niliandika ubaoni: tafuta thamani ya 12 − n + 5, ikiwa n ni 4. Binti mmoja aliyelelewa na bibi yake akapata 13. Nikamkosoa. Nne na tano tisa, kumi na mbili toa tisa, tatu.

"Lakini mwalimu," akasema, "nikiwa na ndoo kumi na mbili za usipa, jirani akachukua nne, bibi akaleta tano, si zinakuwa kumi na tatu?"

"Hapa si kwa wavuvi. Au unataka kunifundisha kazi?"

Darasa likacheka, akafuta. Ukutani tulikuwa tumeandika: Kuuliza si ujinga.

Mwaka ule shule ya masista kule Mbinga ilitoa nafasi moja ya bweni, bure, kwa kata yetu. Sekondari ya kata haina ada, ila iko mbali, na bibi hakuwa na uwezo wa kumpangishia mtoto chumba. Kwa binti yule ilikuwa bweni au asisome tena. Akafanya mtihani wao, akaikosa kwa alama moja.

Nikapanda Mbinga kugombana. Sista akanionyesha karatasi yake ya mtihani: 14 − k + 5, k ni 3. Binti alikuwa ameandika 16, kisha akaifuta ile 1, ikabaki 6.

"Si ndiyo hiyo sita?" nikasema.

Sista akanieleza taratibu kwamba kujumlisha na kutoa hakuna mkubwa, unaanza na kilicho kushoto. Nilitamani ardhi inimeze. Nikaomba, lakini nafasi ilishachukuliwa. Wanasema majuto ni mjukuu. Juto langu lilikuwa mwishoni mwa neno lenyewe, na nimeliimba miaka yote.

Darasani nimesharekebisha. Yeye haimsaidii kitu.

Juzi nilimkuta ufukweni akigeuza usipa juani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Nikamwambia bila kuzunguka: kumi na tatu yako ilikuwa sahihi, mimi ndiye niliyekosea.

"Najua," akasema, mikono ikiendelea na usipa.

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, mwalimu."