Gesi ya Upande Mmoja

Valerie Obonyo hufundisha fizikia katika shule moja ya wasichana mjini Kajiado, na anayedhani kwamba wanaosoma nyota hukesha wakikodolea macho anga hajamwona yeye. Nyota zake zimo kwenye laptopu iliyovunjika kona, naye huzisoma Jumamosi mchana nyumbani kwa mamake, Kitengela, chai pembeni.

Nyota zenyewe ni majitu yaliyozeeka na kuvimba, yakawa yanapumua gesi yao nje mpaka ikayafunika. Gesi hiyo hutoa mawimbi ya redio, na Valerie alikuwa akiichora kwa ajili ya shahada yake ya pili. Nyota kumi na moja zilikuwa na gesi ya duara safi. Ya kumi na mbili ilikuwa kituko: upande mmoja gesi imebanwa, upande wa pili inaburuta mkia.

"Hilo ni kosa la mitambo," alisema Daktari Muturi, msimamizi wake. "Itoe. Jumatatu nataka kazi bila hiyo nyota."

Ilimuuma. Zile kumi na moja wengine walishazieleza. Bila ya kumi na mbili, miaka yake mitatu ilikuwa ya kunakili kazi za watu.

Jumamosi hiyo, mawazo yakiwa mbali, alianika shuka. Baada ya saa moja mamake, Keziah, akapaza sauti.

"Vale! Wewe ni mtoto wa Kitengela kweli? Nani anaanika nguo huko na mashine ya kokoto inasaga? Si uangalie upepo kwanza!"

Shuka zilikuwa za kijivu. Valerie akatazama machimbo ng'ambo ya ua. Upepo ulikotoka, vumbi lilibanwa karibu na mashine. Upande wa pili lilijiburuta hadi kwenye kamba yao. Akaziacha shuka hapo hapo, akakimbia ndani.

Nyota husafiri, na anga si tupu. Lina gesi nyembamba. Nyota iendayo mbio hukutana nayo kama upepo unaopiga usoni. Basi mkia lazima uelekee nyota inakotoka. Akafungua orodha ya mienendo ya nyota. Akapima, akapima tena. Mkia ulielekea huko huko!

Jumatatu Daktari Muturi aliulinganisha mkia kwenye mchoro na mwendo wa nyota.

"Mitambo haijui nyota inaelekea wapi," Valerie alimwambia.

"Haijui," akakubali. "Mwalimu, hiyo usitoe. Anza nayo."

Valerie alitoka akirukaruka kama wanafunzi wake siku ya kufunga shule, akampigia mamake. Keziah akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje.

"Sasa kuja ufue hizo shuka," akasema.

Alizifua akiimba, akazianika upande upepo unakotoka.