Kitanda cha Mlanzi

Nilitoka Kichiwa kwa sababu ya mdomo wangu. Mbele ya wakwe nilitamka kwamba binti yangu Tumaini ataondoka na kitanda cha mninga. Nani alinituma? Ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Harusi ilibaki wiki mbili.

Alfajiri nikadandia lori la mahindi hadi Makambako. Miaka ile ya ruksa kila mtu alifanya biashara. Hata mwalimu aliyenichapa darasa la pili nilimkuta anauza kandambili. Akanipa shikamoo kwa kusahau! Basi, nikamfikia Mzee Salumu, muuza mbao.

"Mninga, ndugu yangu? Umekatwa mpaka umekwisha. Kijiti kikionekana, kinapanda lori. Nenda Njombe, pale Yakobi, kwa Fundi Atilio."

"Anao?"

"Hana. Ana akili."

Mchana nikafika Yakobi, masikio yameganda. Atilio, mtu wa Ludewa kando ya ziwa, alikuwa anabanika milanzi, ile mianzi ya ulanzi, juu ya moshi kama samaki wa kwao.

"Kamwene, baba," akanisalimu.

"Kamwene. Unapika nini?"

"Kitanda."

Nikacheka. "Mlanzi kwetu unanywewa!"

Hakubishana. Alinipandisha juu ya kitanda kimoja, akanitwisha na gunia la viazi. Hakikulia hata kidogo. Mimi ndiye niliyelia.

Siku ya tatu nikarudi Yakobi na mzigo wa milanzi anitengenezee kitanda, nimeikata nyuma ya nyumba yangu, nikijiona mjanja. Atilio akalamba ncha, akatema.

"Baba, hii umeikata msimu wa kugema. Ina sukari. Wadudu dumuzi wataibungua, bibi harusi aanguke."

"Nimekwisha!"

"Hujaisha. Nitatumia yangu ya kiangazi. Na wewe kiangazi utanirudishia, iliyokomaa tu. Michanga iache, ndiyo kesho."

Siku ya harusi nilikishusha kitanda Makambako, kwa wakwe. Baba mkwe wa Tumaini akakizunguka, akakigonga, akakilalia na viatu vyake.

"Mninga gani huu, mwepesi hivi?"

"Siyo mninga, mkwe. Ni ule ninaokunywa."

Akacheka mpaka kofia ikadondoka. Chakula kikaletwa, akagoma kuinuka. Akala akiwa amelala palepale.

Miaka yote nilikuwa nausifia mti wa mbali, na huu wa nyuma ya nyumba nikiukingia kibuyu tu. Kiangazi nikapeleka Yakobi milanzi iliyokomaa, kama nilivyoahidi. Mzigo ulikuwa mrefu, wa watu wawili. Upande wa nyuma alibeba baba mkwe huyo, naye anataka kitanda chake.