Mama Shuka Ajifunza Kunywa

Wenzake kwenye chumba cha kufulia cha hoteli walimwita Mama Shuka, kwa kuwa shuka zote zilizopigwa pasi pale zilipita mikononi mwake. Alikuwa mjane, mwili umejaa, magoti yamechoka kuubeba, na sukari ilikwisha kumpigia hodi. Daktari alipomshauri afungwe mkanda sehemu ya juu ya mfuko wa chakula ili awe anashiba upesi, alikubali. Hakumwambia mtu ila mdogo wake. Kazini aliaga kwamba anakwenda likizo.

Mdogo wake alisafiri kuja kumuuguza. Siku ya kuruhusiwa kutoka hospitali, muuguzi aliwakalisha wote wawili.

"Kwa sasa ni vya majimaji tu," alisema. "Maji, supu iliyochujwa, chai isiyo na sukari. Kaa wima, piga funda dogo, ngoja lishuke, ndipo uchukue jingine. Usitumie mrija, utameza hewa. Soda ndiyo kabisa, gesi itakutesa. Na usisubiri kiu ikushike. Kunywa kidogo kidogo, kutwa nzima."

"Kutwa nzima? Sista, hiyo si kazi ya kuajiriwa?"

Muuguzi alicheka, lakini ilikuwa kazi kweli. Mdogo mtu alirudi kwa wanawe, na Mama Shuka akabaki mezani kwake na kikombe cha kahawa kisichojaa kiganja. Alipiga funda, akatazama ukuta. Akapiga jingine. Zamani jioni zilijaa kumenya, kukaanga na kuosha sufuria, na katika kelele hizo hakuwahi kusikia jinsi nyumba ilivyo tupu. Marehemu mumewe alipokuwa hai walikunywa chai pale pale, mume akilalamika kwamba majani yamezidi. Walibishana juu ya majani ya chai ndoa yao nzima na hakuna aliyeshinda. Sasa aliikoleza apendavyo, hakuna wa kumkosoa, na ikapoa mbele yake.

Alirudi kazini mapema kidogo kuliko alivyoshauriwa, akikimbia ule ukimya. Wakati wa mapumziko, fundi wa mashine, mtu aliyepiga kelele kuliko mashine zake zote, alimwekea soda mezani.

"Karibu tena, mama. Hiyo kutoka kwangu."

"Asante, Fundi. Siku hizi situmii."

"Likizo moja tu umeshakuwa mtu wa juu?"

Meza nzima ikacheka, naye akacheka nao. Kisha akachukua chupa yake ya maji akaenda kukaa peke yake kwenye benchi karibu na makapu ya nguo chafu. Aliona haya kuonekana akidonoa maji kama kifaranga. Kesho yake alikaa pale pale, na siku zilizofuata hakuna aliyemwita mezani.

Mchana mmoja mvuke wa pasi ulimkausha koo mpaka akajisahau. Alifungua chupa, akainua kichwa, akagugumia kama zamani. Maji yakakwama. Alihisi kama mtu amemkanyaga kifua, jasho likamtoka, akakimbilia chooni, na yote yakarudi na mapovu. Aliegemea ukuta wa vigae mpaka maumivu yakalegea. Alikuwa na namba ya hospitali kwenye simu, lakini hakupiga. Aliona wangemgombeza, mtu mzima asiyejua kunywa maji.

Tangu hapo aliogopa. Alilowesha ulimi tu, basi. Haja ndogo ikawa adimu, rangi yake kama chai ya rangi iliyokolea, na kila alipoinama kichwa kilimzunguka. Alijikaza kisabuni. Mwishowe asubuhi moja shuka aliyokuwa akiikunja ilianza kuyumba pamoja na chumba, naye akajikuta chini, mgongo umeegemea kapu.

Fundi ndiye aliyemwinua, akampakia kwenye gari la hoteli la kubebea nguo na kumpeleka hospitali. Alipotundikiwa dripu, yule yule muuguzi alisimama kando ya kitanda, akamhoji mpaka akapata habari ya maji yaliyokwama.

"Siku yale maji yalipokukwama ungetupigia simu," alisema. "Kugugumia ni kosa, lakini kuacha kunywa ni kosa kubwa zaidi. Mwili umekukauka."

Muuguzi alipoondoka, Fundi alivuta kiti. Mama Shuka akamweleza yote: mkanda, mafunda, benchi. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, Fundi alinyamaza mpaka mwisho.

"Kumbe nilikuwa namshindilia soda mgonjwa," alisema.

"Sikukwambia."

"Hukuniambia. Na mimi sikuuliza likizo ilikuwaje. Niliongea tu."

Mama Shuka aliporudi kazini, Fundi kila akipita karibu na meza ya kupigia pasi aliigonga chupa kwa kidole. "Funda, mama." Kisha anaendelea na safari zake. Ilimsaidia. Alijifunza kushusha pasi, kunywa, kungoja, ndipo ainue pasi tena. Maji yakawa yanashuka bila vita, na kizunguzungu kikamwacha.

Nyumbani, hata hivyo, hapakuwa na wa kugonga chupa. Jumapili moja saa za alasiri alimpigia mdogo wake.

"Dada, kuna nini? Unaumwa?"

"Siumwi. Nakunywa supu."

"Mh. Basi mi sina habari mpya."

"Usiseme kitu. Iweke simu hapo ulipo tu, uendelee na shughuli zako."

Simu ya mdogo wake ikasikika ikiwekwa juu ya kitu kigumu. Mama Shuka aliiegemeza yake kwenye birika. Akasikia bomba likifunguliwa, watoto wakigombania kiti, mdogo wake akiwakemea kwa sauti ileile ya mama aliyewazaa wao wawili. Alipiga funda, akangoja. Hakuharakisha. Baadaye laini ilikatika yenyewe, na hakuna aliyepiga tena. Kikombe kilikuwa na mafunda kadhaa bado. Alikaa wima, akayanywa moja moja mpaka yakaisha.