Ukuta wa Chumba cha Mama

Wiki ile kaka yangu hakukalika naye. Alidunda mpira sebuleni, akahamia jikoni, akarudi sebuleni. Akiketi, mguu unamtikisika. Mimi ni msusi, nasukia hapo hapo nyumbani, na wateja walianza kuniuliza kama mgonjwa wetu amepelekwa hospitali.

Hakuwa mgonjwa. Kocha alikuwa amemwambia waziwazi kwamba akiendelea kupiga kutokea ndani ya mstari wa pointi tatu, msimu ujao atafute timu nyingine. Na msimu ulikuwa umebakiza mechi moja.

Kwenye mpira wa kikapu wanamwita Rula. Mpe mpira hatua moja ndani ya mstari, uhesabu pointi mbili. Tena mabeki wawili wakimkimbilia, yeye humpenyezea mpira yule mrefu wao aliyeachwa peke yake chini ya kikapu. Kwangu mimi huo ndio mpira, watu watano wanaoonana. Kocha mpya alikuja na hesabu zake.

"Rula, ndugu yangu, tatu ni zaidi ya mbili," alimwambia. "Rudi nyuma hatua moja tu."

Kinachoniudhi ni kwamba hakukosea. Nami nilijua kwa nini hatua hiyo inamshinda kaka, nikanyamaza. Uani kwetu kuna pete ya chuma aliyoifunga utotoni kwenye ukuta wa jikoni. Mkabala wake kuna ukuta wa chumba ambacho mama alijijengea baba alipofariki, ili sisi watoto tubaki na chumba kikubwa. Kaka alijifunzia hapo katikati, mgongo ukutani. Mazoezini huweza kupiga kutokea mbali, lakini mechini, akibanwa, mguu hujipeleka ndani wenyewe.

Mechi ya mwisho niliitazama na mama kwenye televisheni. Zilibaki sekunde chache, timu yao iko nyuma kwa pointi mbili, na mpira ukamfikia kaka akiwa peke yake nje ya mstari. Akapiga, na mpira ukaingia bila hata kugusa chuma. Mama akapiga kigelegele.

Mwamuzi akaonyesha vidole viwili. Waliporudia picha tukaona ncha ya kiatu chake cha kushoto imekanyaga mstari. Wakawa sare, wakaongezewa dakika, wakafungwa.

"Ni ukuta wako huo, mama," nilisema kwa hasira. "Atarudi nyuma vipi mtu ambaye maisha yake yote nyuma yake pana ukuta?"

Mama alizima televisheni. Ningeweza kuumeza ulimi wangu ningeumeza.

Kocha alimpigia kaka simu kesho yake. Alimshukuru vizuri, akamuaga. Kaka alizunguka nyumba hadi giza likaingia.

Asubuhi iliyofuata nilikuta kitanda cha mama sebuleni, kimepandishwa juu ya viti vya wateja wangu. Sijui alikitoaje peke yake. Yeye mwenyewe alikuwa uani, nguo ameikaza kiunoni, anaupiga ukuta wa chumba chake kwa nyundo. Plasta ilikuwa imebanduka sehemu ya ukubwa wa sahani.

Kaka alitoka mbio na mpira wake mkononi.

"Mama, unafanya nini?"

"Mwanangu hafukuzwi kazi kwa sababu ya chumba changu. Timu ziko nyingi. Utapata nafasi, utajifunza."

"Nina miaka thelathini na nne, mama."

"Kwani umekufa?"

Kaka alicheka, kisha machozi yakamlengalenga. Akamtoa mama nyundo mkononi polepole, akaiweka chini.

"Acha ukuta," alisema. "Hapa ndipo ninapopajua."

Akaegemea palepale palipobanduka, shati likajaa vumbi jeupe, akapiga. Mpira ukaingia. Mama akaufuata mwenyewe, akaurudisha.

"Tena," akasema.

Kaka akapiga tena, na tena, hana raha, hata jasho hafuti, na kila mara mama akimwokotea mpira. Hivyo ndivyo wateja wangu walivyowakuta, wakakosa pa kukaa.