Kalenda za Kisiki

Walimwita Kisiki, na jina alilipata kwa haki. Alipokaa amekaa, umng'oe kama unaweza. Siku mjukuu wake, mtoto wa binti yake, alipokuja kutoka chuoni na daftari jipya, akitafuta karatasi za zamani za ukoo apate kuandika jinsi watu wa shambani walivyoishi, Kisiki alijua mapema mguu wa mtoto utaelekea wapi. Kwa wifi yake. Kila aliyetaka habari za nyumba ile alikwenda kwa wifi yake, kana kwamba yeye aliyeilima ile ardhi miaka arobaini na mbili alikuwa kizingiti cha kurukwa tu.

Wifi huyo, dada wa marehemu mumewe, alikuwa karani wa zahanati mpaka akastaafu. Alikuwa na sanduku la posta, alikuwa na miwani, na alikuwa na kopo la biskuti lililojaa barua. Mume wa Kisiki aliendesha greda, akichonga barabara za mbali, nyumbani akionekana mara mbili kwa mwaka. Barua zake aliziandika kwa dada yake, maana mke hakuvuka darasa la pili. Zote zilianza namna moja: Dada yangu mpendwa. Kisiki alikuwa huko ndani, ukurasa wa pili, pale penye "mwambie mke wangu". Mwambie ng'ombe wasikose josho. Mwambie ndama asiachishwe mapema. Wifi alikuja na barua, akaketi jikoni kwa Kisiki, akasoma kama mtu wa redio, halafu katikati akanyamaza, akatabasamu peke yake, akageuza ukurasa. Akiulizwa, husema hayo ni ya kaka na dada. Kisiki alikoroga sufuria mpaka mwiko ukalia.

Basi siku ile naye alikwenda kwa wifi, bila kuitwa, akisingizia kurudisha ungo. Aliwakuta kopo liko wazi mezani na mjukuu macho yanang'aa. Hakukaribishwa kiti, akajikaribisha.

Wifi alikuwa amefika kwenye barua ya mwaka wa ukame. Akasoma taratibu, akionja kila neno: "Mwambie mke wangu mwaka huu aache mahindi, apande mtama." Kisha akashusha miwani, akamweleza mjukuu kwamba barua hiyo ndiyo iliyowavusha. Mama yake alikuwa mtoto wa kunyonya wakati huo. Bila barua ile pengine hata yeye asingekuwepo leo na kalamu yake.

Kalamu ya mjukuu ikaanza kukimbia daftarini: Babu aliokoa familia kwa barua moja. Kisiki alisoma kwa shida, herufi kwa herufi, lakini alisoma, na roho ikamchoma.

"Futa hapo," alisema. "Mtama ule nilipanda kwa akili yangu. Barua ilinikuta umeshaota."

Wifi akacheka kidogo. "Wifi yangu, miaka thelathini na saba hiyo. Nani anakumbuka?"

Kisiki aliinuka. Alivuka ua mpaka jikoni kwake, akatoa msumari ukutani pamoja na vyote vilivyoning'inia hapo: kalenda za duka la mbegu, mwaka juu ya mwaka, zimekuwa rangi ya moshi. Kusoma kulimpa taabu, lakini namba alizijua zote, na kila siku ya shamba aliitia alama. Duara, ng'ombe kapandishwa. Duara lenye mkia, kazaa. Vijistari vitatu, mvua. Jembe, mbegu imeingia ardhini.

Alirudi akazitandaza kalenda mezani, na wifi akazitazama kwa pembeni. Alisema ni makucha ya kuku hayo, na mwenye kuku atasema lolote. Mjukuu, mtoto mwenye akili, akamtaka bibi yake amwonyeshe siku aliyozaliwa mama yake. Kisiki akaweka kidole. Kadi ya kliniki ilikuwa humo humo ndani ya kopo la wifi. Tarehe ikawa ile ile. Wakafungua mwaka wa ukame. Jembe lenye kichwa cha mtama lilikaa tarehe tano, mwezi wa tatu.

"Lakini Bibi," mjukuu alisema kwa upole, "barua imeandikwa mwezi wa pili, tarehe ishirini na sita. Huenda ilifika kabla." Bahasha yenyewe ilishapotea. Kisha akauliza, "Na hivi vidoti vyekundu ni nini?"

Hapo Kisiki akavifunika vidoti kwa kiganja. Vilijaa kila mwaka. Alikuwa tayari kuulizwa yote, si hayo, na si mbele ya mtu huyu. Akinyamaza, mtama unakuwa wa barua. Akisema, wifi atakuwa na la kumcheka mpaka kaburini.

"Ni siku za barua," alisema, akiangalia meza. "Kila uliyoleta, wifi, niliweka doti. Na ulizonificha nikazisikia kwa watu, hizo pia."

Mjukuu akachukua bahasha tano zenye muhuri wa posta ya hapa, wa siku barua ilipofika, akazilinganisha. Kila doti ilikuwa siku moja au mbili baada ya muhuri. Akarudi mwaka wa ukame. Kuanzia mwezi wa kwanza hadi mwisho wa mwezi wa tatu palikuwa na doti moja tu, tarehe ishirini na tatu ya mwezi wa tatu.

Wifi tayari alikuwa akihesabu vidoti kwa kidole, mabega yanatikisika. "Miaka yote hiyo ulikuwa unanipigia hesabu? Wivu wote huo, na mwanamume mwenyewe ni kaka yangu?"

Kisiki masikio yalimwaka moto. Hakuinuka. Alingoja mpaka mjukuu alipokata ule mstari na kuandika mwingine, akamwamuru ausome kwa sauti.

"Bibi alipanda mtama kwa uamuzi wake, siku kumi na nane kabla ya barua kufika."

Wifi bado alikuwa akifuta machozi ya kicheko. Kisiki akamwambia mtoto arudie, na safari hii asome akielekea upande wa wifi yake.