Pombe Ambayo Eustaki Hakuinywa

Shemeji yangu Eustaki hunywa kila Jumapili baada ya misa, na hakuna askari aliyewahi kumuuliza. Alikuja kushtakiwa kwa kuendesha gari akiwa amelewa siku ya Jumanne, siku ambayo hakuwa ameonja hata tone. Kwake mambo huenda hivyo. Dada yangu Paulina aliolewa naye akiyajua hayo. Mimi ni shemeji tu, na utani wa shemeji hauna faini.

Mwaka 1994 alikuwa dereva wa Mzee Yunusi, mfanyabiashara wa mpunga hapa Ifakara. Mwezi wa sita Mzee Yunusi alinunua lori jingine, kuukuu lakini limepakwa rangi upya, akamkabidhi Eustaki. Safari ya kwanza ilikuwa kuchukua mpunga Mchombe, anakoishi shangazi yake Eustaki, Balbina.

Shangazi Balbina alilizunguka lori, akauliza, "Limeombewa?"

"Shikamoo, shangazi. Padri atalibariki Jumapili."

"Marahaba. Na leo utarudi nalo vipi?"

Akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha pombe ya mahindi. Kwao, kitu kipya hakianzi kazi mpaka mkubwa wa ukoo awataje marehemu, apige funda, kisha akipulizie kitu chenyewe pamoja na mtu atakayekitumia. Akapulizia matairi, akapulizia usukani, akamgeukia Eustaki. Shangazi ana meno matatu tu mbele, kwa hiyo funda lake hutoka pana. Shati likalowa kuanzia kola hadi kifungo cha tumbo.

Eustaki alikubali kwa sababu humkatalii shangazi. Lakini alikuwa pia mwenyekiti wa jumuiya ya Kikatoliki mtaani kwetu, na Katekista Beatus alikuwa amepigia kelele matambiko Kwaresima nzima: atakayeonekana huko atakaa mwaka mzima bila komunyo, na uongozi asahau. Sasa nani alisimama kando ya barabara kijiji cha pili akiomba lifti? Katekista Beatus mwenyewe. Alipanda, akanusa, akafungua dirisha, akaanza rozari. Aliisali mpaka mlangoni mwa mji, ambako koplo mmoja wa usalama barabarani alipunga mkono.

"Dereva, umekunywa?"

Eustaki alimtazama koplo, akamtazama Katekista. Akaona ulevi ni aibu ndogo kuliko tambiko.

"Kidogo, afande."

Kwa maneno hayo mawili akalala kituoni, akatoka kesho yake kwa dhamana ya Mzee Yunusi. Mzee Yunusi hakugombana. Alisema tu kwamba dereva akinyang'anywa leseni ni abiria, naye hana kazi ya kumpa abiria. Dada yangu alilia. Walikuwa na watoto wanne, na jembe Eustaki hulishika kama mgeni.

Nilimpeleka kwa Mzee Polycarp, aliyestaafu ukarani wa mahakama. Eustaki alikwisha kupanga mambo yake kichwani.

"Nitakiri kosa, mzee, nitaomba msamaha, yaishe."

"Hakimu si padri," Mzee Polycarp akamwambia. "Kwa padri ukikiri unaondoka mweupe. Kwa hakimu ukikiri kinachobaki ni adhabu tu, na leseni inaweza kwenda nayo. Ulikunywa?"

Eustaki akajikuna kichwa. Nikamsemea mimi, tambiko lote, mpaka meno ya shangazi. Mzee Polycarp alicheka hadi akavua miwani.

"Basi sikiliza. Siku ile hukulazimika kujibu. Ungeomba upelekwe hospitali ukapimwe. Hilo limepita. Lakini shtaka utasomewa, na una haki ya kulikana. Wao ndio wa kuthibitisha, si wewe. Harufu ya shati si ulevi. Wao ndio waonyeshe kwamba pombe ilikuwa mwilini mwako na gari lilikushinda. Koplo akimaliza kutoa ushahidi, muulize maswali. Kisha ujitetee kwa kiapo na ulete shahidi wako."

"Shahidi ni shangazi. Atasema yote mbele ya watu."

"Mficha uchi hazai, bwana."

Siku ya kesi nilivaa gauni langu la Pasaka, maana sikujua kama tunakwenda kushinda au kuzika. Kwenye benchi la nyuma walikaa Katekista Beatus na nusu ya jumuiya. Shtaka liliposomwa Eustaki aligeuka kwanza kumtazama Katekista. Nilitamani kumfinya.

"Si kweli, mheshimiwa," akasema mwishoni, kwa sauti ya mtu anayeomba maji.

Koplo alieleza harufu, akaeleza lile "kidogo". Alikuwa kijana mwaminifu. Eustaki alipouliza kama gari liliyumba, alijibu halikuyumba. Alipouliza kama yeye aliyumba aliposhuka, alijibu hapana. Alipouliza kama alipelekwa kupimwa, alisema hapana, mshtakiwa alikuwa amekubali mwenyewe.

"Sasa kwa nini ulikubali?" hakimu akamuuliza zamu yake ya kujitetea ilipofika.

Akasema yote kwa pumzi moja: lori, kibuyu, marehemu, shati. "Niliona aibu, mheshimiwa. Katekista alikuwamo ndani ya gari." Nyuma yangu watu waliguna. Nilimwonea huruma na nikajivunia, vyote kwa pamoja.

Kisha akaitwa Shangazi Balbina. Akaapa kwa Biblia, akaulizwa kama ni kweli alimmwagia mshtakiwa pombe.

"Sikummwagia, nilimpulizia. Kunywa hakunywa, nilimnyima. Ana gari huyu. Hiyo si kazi ya ajabu, baba. Kila mtu huja kwangu. Hata baiskeli ya Beatus, yule pale nyuma, niliipulizia mimi."

Mahakama nzima ilicheka. Karani aligonga meza huku naye akicheka. Katekista Beatus alikuwa akiyasoma maandishi ya viatu vyake.

Hakimu alisema upande wa mashtaka haujathibitisha, akamwachia huru, akamwonya asimjibu tena askari kwa kumwangalia abiria.

Nje, Katekista alitufuata hadi kwenye lori. Nilijua anakuja kujitetea, nikaandaa maneno makali. Hakujitetea.

"Mwenyekiti, siku ile nilijua hujanywa. Pombe ya Balbina naijua harufu yake, na shati lote lilikuwa limelowa. Ungekuwa umeinywa isingebaki ya kulowesha."

"Ulijua," Eustaki akasema, "na ukanyamaza? Watoto wangu wangelala njaa, Katekista."

"Nilidhani shangazi yako amekwambia habari ya baiskeli; ningetaja shati lako, ungetaja baiskeli yangu. Nilikuogopa."

Ulimi uliniwasha, lakini nilipomtazama shemeji yangu niliyameza maneno yote. Alisimama na funguo mkononi, machozi yakimlengalenga, kwa sababu katika miaka yake arobaini na miwili hakuna mtu aliyewahi kumwogopa.

"Panda," akamwambia. "Leo ukinusa kitu, sema."