Siku Nilipotwanga Papai Kama Sombe

Chekeni kwanza mmalize, halafu mnisikilize, maana aibu hii nimechoka kuisikia kwa wamama wa kanisa wakiitia chumvi kila Jumapili, afadhali niiseme mwenyewe: mimi, mwanamke mzima mwenye mvi, nilivunja kinu cha mtu sokoni mbele ya mkwe, na kumvunjia kinu hakukutosha.

Mjukuu wangu Neema, niliyemlea tangu tukiwa kambi ya wakimbizi, kabla ya kuletwa huku uzunguni, alipata mchumba Mkenya, Kevin, kijana mtaratibu asiye na maneno mengi. Maneno yote yamebaki kwa mama yake. Mama Kevin ni nesi, anakaa Seven Hills, anavaa nyeupe hata siku ambayo si ya kazi, na alikuwa hajakubali posa itoke. Alisema anataka kwanza kuona familia ya huyo binti, na familia ni mimi. Basi Neema alinishika mikono jikoni kwetu Doonside akaniambia, "Koko, bibi yangu, plizi. Keti, kula, usifundishe mtu kitu." Nikaahidi (na niliahidi kweli, Mungu shahidi).

Mama Kevin hakutaka kuja kwangu kula fufu. Alikuwa ametoka likizo Bangkok, na mtu aliyetoka likizo Bangkok hana dawa, lazima akuambie. Akatupeleka soko la Jumamosi pale St Marys, karibu na stesheni, ambako Wathai wanapika chini ya mahema, akatembea mbele yetu akionyesha kwa kidole kama mchungaji anayehesabu wenye dhambi.

"Mama, msafiri akienda Thailand na asile hivi vitu, ni kama hakutoka nyumbani," akasema. "Hizi tambi za mchele ni pad thai, lazima. Hii mishikaki ya nguruwe, lazima. Huu wali wa kunata na embe, woi, huu ndio kabisa! Lakini chakula cha barabarani unakionja kwanza kwa macho."

Nikala. Tambi ni nzuri, zina karanga, sina neno. Mishikaki nilirudia. Wali na embe sikuelewa. Embe ni la kumnyamazisha mtoto, nani amelipeleka kwenye wali na kulimwagia tui? Lakini nilimaliza sahani. Akaniletea panzi wa kukaanga, akanitazama usoni akingoja nipige kelele. Nikajaza kiganja, nikatafuna. "Wetu walikuwa wanono kuliko hawa," nikamwambia, na nikaona hakufurahi. Neema akanikanyaga mguu.

Hapo ningebaki kwenye kiti changu, sasa hivi nisingekuwa na la kusimulia. Lakini hema la pili kulikuwa na mama Mthai wa rika langu, anatwanga papai bichi kwenye kinu, na pilipili, na ndimu, na kamba wadogo wakavu wa baharini. Anatwanga peke yake, watu wamepanga foleni. Kwetu, mwanamke akimwona mwenzake anatwanga peke yake na yeye amekaa anakula, huyo si mtu, ni gunia. Tena alikuwa anagonga polepole, tok, tok, kama anabisha hodi kwa wanaomdai. Papai lilikuwa bado vipande vipande! Nikajisemea, maskini, mikono imechoka.

Akageuka kuchukua chupa ya sosi ya samaki, nami nikashika mchi.

"Koko, no!" Neema akaita.

"Namsaidia tu, mama wa watu!"

Nikakamua pilipili kwa vidole zishuke vizuri, nikajifuta kwenye kitenge changu, nikasimama kama ninavyosimama nikitwanga sombe, majani yetu ya muhogo, miguu mbali, mikono miwili, nikashusha. Mara ya kwanza papai likalainika. Mara ya pili kinu kikapasuka, paa! Kumbe ni cha udongo. Mimi tangu kuzaliwa nimejua kinu ni mti. Nani anafinyanga kinu kama chungu? Mchuzi wote ukaruka, ukatua kwenye ile nyeupe ya Mama Kevin, kuanzia kifuani mpaka shingoni.

Mama Mthai anapiga kelele kwa lugha yake, foleni nzima imetoa simu, mzungu mmoja anacheka mpaka anashika mgongo. Nami, badala ya kukaa, nikamkimbilia mkwe nimpanguse. Kwa kitenge. Kile kile cha pilipili. Usoni.

"Macho yangu! Aki huyu mama ameniua!"

Basi, si alisema chakula kinaonjwa kwa macho? (Sikusema kwa sauti. Nilitamani.)

Neema ndiye aliyemkalisha chini, akamshika kidevu, akamwosha macho kwa chupa baada ya chupa ya maji, taratibu, anamwambia, "Pole Mama, fumbua kidogo, tena kidogo," wala hakunitazama mimi. Alikuwa analia huku anaosha. Tukapanda gari kurudi. Niliona posa imekufa, na aliyeiua ni mimi.

Siku chache zikapita, Kevin akaja nyumbani, amekaa ukingoni mwa kiti. "Mama amesema atakuja na wazee. Amesema mtu aliyemwosha macho vile, katikati ya ile fujo, yeye hawezi kumwachia familia nyingine."

Nikapiga vigelegele. Akainua mkono.

"Lakini, Koko, amesema siku ya harusi ukae mbele, karibu na mchungaji, na tantine wawili, wamama wa kanisa, pembeni yako. Jikoni usionekane."

Nimekubali, ningefanya nini? Sombe ya harusi ya mjukuu wangu itasagwa kwa mashine na wasichana wenye kucha ndefu, nami nitakaa mbele nimelindwa kama mfungwa. Nanyi mnaojua kila kitu kama mimi, nawaambia: ukimwona mwenzako anatwanga, msalimie, upite.